Ulimbo wa Fenesi Ukweni

Baba wa mchumba wangu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Mie shule niliishia kidato cha nne. Mengine yote nimejifundisha mwenyewe, kwa kamusi ya mtumba na simu yenye kioo kilichopasuka. Kwa hiyo, mchumba wangu aliponiambia wazazi wake wamekubali niende Mbweni nikajitambulishe, sikufurahi kama mtu wa kawaida. Nilianza kusoma.

"Baba humuuliza mgeni swali moja tu," alinionya. "Akikuuliza, usijifanye unajua sana. Na usijifanye hujui."

"Sasa nijifanye nini?"

"Usijifanye."

Ushauri mzuri, kwa mtu anayeweza kuutumia. Mie nilitaka kitu kimoja tu, ruhusa ya kutuma mshenga, na niliamini kabisa kwamba mzee akinikamata nimekosea neno moja, binti yake atapewa mtu mwenye shahada.

Zawadi yangu ilikuwa fenesi, kutoka kwenye mti ulio nyuma ya nyumba yetu huku Pugu. Nilipiga hesabu kwamba mwalimu hawezi kuliona fenesi asiulize kuhusu ule utomvu wake unaonata. Basi nikalala na neno ulimbo, nikaamka nalo.

Niligundua kwamba hata vitu vinavyonata vina matabaka. Gundi ni mtu wa ofisini: jina lake lilikuja na wafanyabiashara kutoka upande wa Bara Hindi, na siku hizi kazi yake ni bahasha. Ubani una jina la Kiarabu na heshima zake. Hauingii nyumbani kwa watu ila kwenye chetezo. Sandarusi ilichimbwa ardhini huku huku pwani, ikapanda meli kwenda kung'arisha samani za matajiri wa ng'ambo, na haikurudi kutusalimia. Ulimbo ndio uliobaki nyumbani. Ni neno letu la Kibantu, lina ndugu mpaka Malawi kwa Wanyanja, na ukifika Zimbabwe Washona wanaliita urimbo. Watu walichemsha utomvu wa mkuyu au wa fenesi, wakaupaka kwenye vijiti, ndege akitua hatoki. Wengine waliutumia kushikiza kisu kwenye mpini. Niliyakariri haya yote mbele ya kioo, pamoja na mahali pa kutabasamu.

Siku ya kwenda, mama yangu alinifuata mlangoni. "Wakikwambia ulipasue, paka mafuta mikononi kwanza. Na kisu pia."

"Mama, nitamsalimiaje mkwe na mikono ya mafuta kama muuza chipsi?"

"Haya, msomi," akasema, akarudi jikoni.

Sebule ya Mbweni ilikuwa na vigae vinavyong'aa, meza ya kioo na makochi yaliyovishwa vitambaa vyeupe vya kufuma, mpaka mtu unaona haya kukalia. Nilikaa ukingoni. Mzee alivaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, na mfukoni bado alikuwa na kalamu nyekundu, ingawa alishastaafu.

"Sie watu wa Singida tunda hili tunalionaga tu barabarani," alisema mama mkwe, akaweka sinia na kisu mbele yangu. "Wewe ndiye wa pwani, mwanangu, tupasulie. Unahitaji kitu kingine?"

Hapo ndipo ningesema: mafuta, mama. Maneno mawili tu. Lakini nilishawaza kwamba kuomba mafuta siku ya kwanza ukweni ni kama kuomba kuongezewa nyama.

"Hapana, mama. Hivi vinatosha."

Nilipasua. Ule weupe ukatoka kama maziwa, ukashika kisu, kisu kikanishika mimi. Nilijaribu kukiweka chini, kikakataa. Nilijifuta kwa kitambaa cha karatasi, karatasi ikabaki vidoleni kama manyoya. Mchumba wangu alikuwa anatazama dari.

"Kijana," mzee alisema kwa sauti ya darasani, "hicho kinachotoka hapo kinaitwaje?"

Swali langu. Nilijibu ulimbo, nikatoa asili, nikataja Wanyanja, nikafika kwa Washona, nikatabasamu mahali pake.

"Huo ni utomvu," mzee alisema. "Ulimbo ni kitu cha kutengenezwa, ili kinase. Huu haujapikwa, haujategwa. Utamnasa nani?"

"Lakini baba, watu wengi husema ulimbo wa fenesi."

"Watu wengi husema mambo mengi. Tazama." Akanyoosha mkono, akachota kidogo kwenye kisu changu, akausugua kati ya dole gumba na kidole cha shahada ili anionyeshe ulivyo mwepesi. Akausugua tena. Kisha akataka kuvua miwani auangalie vizuri, na miwani haikutoka mkononi. Alipoushusha mkono kochini, kitambaa cheupe kikaja nao.

Ubishi nilikuwa nimeushinda, na ushahidi ulikuwa unaning'inia kwenye vidole vya baba mkwe. Sijawahi kuogopa ushindi kiasi kile. Majibu yote niliyoyakariri yalikuwa ya kuthibitisha. La kumwokoa mtu sikuwa nalo hata moja.

"Nisamehe, baba," nilisema. "Mama yangu aliniambia nipake mafuta. Niliona haya kuomba."

Mama mkwe alicheka mpaka akajishika ukuta. "Mwalimu, mbona umevaa pazia?"

"Acha maneno, mama watoto. Leta hayo mafuta."

Akaleta mafuta ya alizeti kwenye bakuli moja. Tukaketi, mimi na mzee, magoti yakikaribiana, tukisugua vidole kimya kimya kama watoto walioadhibiwa pamoja. Mchumba wangu akakinyofoa kitambaa uzi kwa uzi.

"Sasa ni ulimbo," mzee alisema hatimaye, bila kunitazama. "Kwa sababu umenasa. Kabla ya hapo ulikuwa utomvu."

Kamusi yangu haisemi hivyo. Niliihisi ile hoja ikinipanda kooni, na marejeo yake yote. Niliimeza, ilishuka vibaya, kama kokwa.

"Ndiyo, baba."

Alinyanyua macho, akanikagua kama insha. "Mama yako ana akili," akasema. "Huyo mshenga wako, mwambie kwanza apite kwake, afundwe. Halafu aje Jumamosi."

Nilitaka kuuliza ni Jumamosi hii au ijayo, na aje saa ngapi, na avae nini. Mchumba wangu akanikanyaga mguu.