Pepo Aliyesimamisha Gari

Nilipokuwa mtoto hakuna aliyeniuliza kitu. Sasa meno yamekwisha, ndio wajukuu wananijia: "Bibi, tuandikie historia ya stesheni." Historia gani? Jengo lile mnaliona, limekaliwa na popo na mbuzi. Lakini nikinyamaza mtajitungia uongo, na uongo wenu hauna chumvi. Basi someni, msinikate maneno.

Sisi ni Wadigo wa Kinondo. Baba yangu, Hamisi, alipata kazi ya kushika bendera kwenye reli, akatupandisha huko nyika ya Kwale kwa Waduruma, ambako mvua ni mgeni. Stesheni ilikuwa nyumba ya mawe, jukwaa la udongo, na tangi la maji juu ya miguu ya chuma. Gari la moshi lilisimama pale kunywa maji. Historia ndiyo hiyo: gari lilikuwa na kiu. Lilipokuwa likinywa, abiria walitoa vichwa madirishani, na mama zetu wakawauzia ndizi, mihogo ya kuchoma na mayai ya kuchemsha. Kijiji kizima kilikula kwa kiu ya gari. Mama yangu, Mwanakombo, aliuza kuliko wote, maana yai lake lilikuja na chumvi na pilipili, na maneno matamu; hayo aliwawekea wateja, nyumbani hayakufika.

Kisha tukapata Uhuru. Tukacheza, tukala wali, na muda si muda yakaja magari mapya ya dizeli. Hayo hayanywi maji. Yalipita vuuu bila hata kutazama kando, vumbi likabaki usoni na mayai kikapuni. Tuliyala wenyewe mpaka tukayachukia. Majirani wakaanza kuhama. Stesheni masta akasema wazi kwamba gari lisiposimama, stesheni itafungwa.

Mama akamwambia Baba aseme na wakubwa wake.

"Mimi mshika bendera, Mama Mwanasha. Bendera haisemi."

"Lakini wewe una mdomo."

"Nyamaza basi."

Mwanasha ndiye mimi. Mama akanyamaza kweli. Akalala, hakula, akautazama ukuta. Siku zilivyozidi, mashavu yakamwingia ndani, nami nikawa naogopa kuingia chumbani. Bibi, mamake Baba, akamwita fundi wa ngoma za pepo. Ubani ukafukizwa, ngoma zikalia mchana kutwa, na jua likielekea kuchwa Mama akakaa kitako. Sauti iliyomtoka ilikuwa nene, ya puani, ya mzungu wa reli wa zamani.

"Wewe boi! Iko wapi kiti yangu?"

Baba aliyewatumikia wazungu hao aliruka akaleta kiti. Nilicheka, nikafinywa.

Fundi akauliza kwa adabu, "Bwana mkubwa, wataka nini?"

"Taka chai, maziwa mingi! Taka bendera nyekundu! Gari yangu simama hapa!"

Baba akaapa mbele ya watu kwamba bendera atampa, na la gari atalisemea. Mama akanywa chai. Asubuhi alikuwa mzima, anafagia uwanja.

Mgonjwa akishapona, ahadi huwa nzito. Baba aliendelea kwenda na bendera zake na kurudi nazo. Ati ni mali ya serikali, atafukuzwa. Kwa wakubwa hakusema neno. Bibi akamwonya: "Hamisi, pepo hadanganywi kama mke. Usipompa atajichukulia, tena mbele za watu."

"Mama, hayo ni ya Kinondo. Huku ni reli."

Haya. Asubuhi moja gari la abiria la kwenda Mombasa likasikika. Baba yuko jukwaani, ya kijani mkononi, nyekundu imeviringwa kwapani. Mama akatoka jikoni, akavuka uwanja, akaichomoa ile nyekundu kama mtu anayeanua kanga kambani, akaikunjua.

"Simama!" Sauti ile ile ya puani.

Mume anapunga kijani, mke anapunga nyekundu. Dereva mwenye akili humtii mwenye nyekundu. Breki zilipiga kelele mpaka kuku wakapanda miti. Abiria wakachungulia, na wanawake hawakuuliza sababu, wakakimbilia madirishani. Mama alikuwa amechemsha mayai tangu alfajiri. Mimi ndiye niliyechochea moto, na sikuuliza pepo anakula mayai mangapi.

Akashuka mkubwa mmoja wa reli, mwenzetu mweusi, amefunga tai, kofia kichwani. "Nani amesimamisha gari?"

Baba akashusha bendera yake. Kazi yake, nyumba yetu, vyote vilikuwa mdomoni mwa mtu yule. Mama akamgeukia yule mkubwa: "Wewe boi! Toa kofia ukisema na mimi!"

Wallahi akaivua! Sauti ile ilikuwa imemtuma miaka mingi, mkono ukatii kabla ya kichwa. Watu wakacheka, naye mwishowe akacheka kwa haya. Akamwamkia Bibi shikamoo, akaelezwa yote. Akapewa yai, akala amesimama.

"Sikufukuzi," akamwambia Baba. "Lakini mimi nimeyajua haya kwa pepo. Wewe ulikuwa wapi?"

Baadaye ikaja amri: gari la asubuhi lisimame pale, abiria wakiwapo. Na tulihakikisha wapo. Kila siku mtu alipanda kwenda kumwamkia mtu. Waliohama wakarudi. Stesheni ikaishi miaka mingi, na mimi nimevikwa nguo na kulishwa kwa mayai yale.

Mnaniuliza: Bibi, kweli mama yako alikuwa na pepo? Sikumuuliza, naye hakusema. Najua hili: Mwanakombo aliposema nataka, aliambiwa anyamaze. Mzungu aliposema taka kwa kinywa kile kile, aliletewa kiti. Mimi pepo namwamini.

Baba naye hakusamehewa hivi hivi. Pepo alirudi mara moja tu, bila ngoma, kutaja faini yake. Bendera hakuitaka tena. Tangu hapo, kila gari liliposimama, Hamisi alijitwisha kikapu cha mkewe, na kwa sare yake ya reli yenye vifungo vya shaba akapita dirisha kwa dirisha, akinadi kwa sauti: "Mayai moto! Mayai ya Mwanakombo!"