Hodi kwa Mzee Masanja

Juzi mwanangu alikuwa akifungua mafolda kwenye kompyuta, moja baada ya jingine, nikacheka peke yangu.

Nilikumbuka utotoni, ofisi ya shangazi yangu, mpiga chapa kule Bugarama, iliyonukia wino na vumbi lililolowa mvua. Barua ya mama ya kuomba uhamisho haikuonekana kwenye kompyuta, na gari la Shinyanga, tulilopaswa kupanda mimi na mama, lilikuwa likiunguruma nje.

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mafolda ya njano, kila moja na jina la mfanyakazi. Nilidhani ni vyumba vyao. Shangazi akawa anafungua tu.

"Shangazi, mbona hupigi hodi?"

Alicheka. "Haya, nipigie wewe."

Nikasoma jina la folda moja, nikapaza sauti, "Hodi kwa Mzee Masanja!"

"Karibu!"

Niliruka nyuma ya kiti, nikiamini amejibu kutoka ndani ya kompyuta. Kumbe alikuwa chumba cha pili. Alichungulia mlangoni. "Mnatafuta barua? Niliisahihisha jana, nikaihifadhi kwangu, kwenye folda langu."

Printa ikaanza kukwaruza. Gari halikutuacha.

Sasa najua mle hamna mtu. Lakini faili likinipotea, nahakikisha kwanza mwanangu yuko mbali, kisha nasema polepole, "Hodi."