Kichwa Nilichokifuta Msibani Ihembe

Wasomaji, mimi niliyezoea kukemea wengine, leo najikemea. Juzi nilikwenda kumfariji mjane mmoja wa kijiji cha Ihembe, fundi wa kupamba kuta kwa michoro ya samadi ya ng'ombe. Ukutani, juu ya kiti kitupu, niliona kichwa cheusi cha mtu kikinikabili, nacho hakikuwa na macho. Nikaamini ni mchoro wa mizimu. Nikalowesha kitambaa, nikausugua huku nikihubiri, hata udongo ukamomonyoka.

"Mzee, unafuta nini?"

"Mchoro wako wa kutisha, mama."

"Huo sikuuchora. Ni mafuta ya nywele za marehemu. Hapo ndipo alipoegemea kichwa kila jioni. Sikuwa na picha yake nyingine nzuri."

Kitambaa mkononi mwangu kilinuka mtu.