Sauti Iliyofungwa kwa Waya

Saoudat aliuza vitambaa Magoudjou, mjini Moroni, lakini kwao ni Mutsamudu, na huko ndiko alikobaki mama yake, Djoumoi, mgonjwa wa moyo asiye na mtoto mwingine. Kisiwa chao, Nzwani, kilipojitenga na Komoro, na baadaye vikwazo vikawekwa, meli zilikoma na simu zikakatwa. Wakubwa walisusiana kama watoto, walioumia ni mtu na mamaye. Kikabaki kitu kimoja tu, kaseti. Saoudat alirekodi salamu, mchuuzi aitwaye Elarif akazivusha kwa mashua kila alipopata upenyo, na Djoumoi akawa anameza dawa zake huku akimsikiliza mwanawe. Bila sauti ile alikuwa hamezi kitu.

Basi gego la mwisho la Saoudat likaanza kumsumbua. Alilivumilia kwa karafuu na maji ya chumvi mpaka shavu likajaa. Daktari alipompiga picha aliona uvimbe wenye maji umelila taya kwa ndani.

"Tutalitoa jino pamoja na uvimbe," alimwambia. "Taya litabaki jembamba kama ganda la yai, kwa hiyo tutayafunga meno yako kwa waya lisije likavunjika. Uso utavimba, na siku ya tatu ndiyo itakayokutisha zaidi. Utakunywa uji mwepesi tu. Usiteme mate kwa nguvu, damu iliyoganda shimoni ndiyo inayoponya. Mdomo utakuwa na ganzi na sauti itakuwa nzito. Itarudi, ila usiilazimishe."

Yote yalikuja kama alivyosema. Saoudat aliamka na kichwa kizito, ladha ya chuma kinywani na kidevu asichokihisi. Shavu lilivimba hata jicho likafumba. Naïma, jirani yake Mngazidja, mwenyeji wa Moroni, yuleyule aliyemficha chumbani kwake siku vijana walipowafukuza Wanzwani mitaani, alimlisha uji kijiko kwa kijiko, ukipenya katikati ya meno.

Hapo ndipo Elarif alipobisha hodi. Mashua inaondoka leo, na haijulikani kama itakuwapo nyingine. Saoudat hakuweza kuiacha ipite mikono mitupu. Wakakubaliana Naïma aanze kusema kwenye kaseti. Naye, kwa adabu zake nyingi, alianza kwa dua, akamsihi mama awe na subira, akasema Saoudat hajambo, ni mgonjwa kidogo tu, hawezi kusema vizuri. Kisha Saoudat akasogea, akanguruma maneno mawili matatu kupitia meno yaliyofungwa.

Elarif aliporudi hakukaa kitini.

"Mama yako amekusomea hitima," alisema. "Alisikiliza mpaka mwisho, akazima redio, akasema jino la pembe si dawa ya pengo, wasimletee sauti ya mtu mwingine. Nimemwapia kwamba nimekuona kwa macho yangu. Akaniambia hata watu wa Majunga walimwapia."

Saoudat alielewa papo hapo, na moyo ukamwuma kuliko taya. Mwaka wa mauaji ya Wakomoro huko Majunga, Madagaska, Djoumoi alirudishwa Komoro akiwa na Saoudat mgongoni, mumewe akabaki nyuma. Kila alipouliza, aliambiwa awe na subira, mumewe ni mgonjwa kidogo, hawezi kusema. Kumbe walikwisha kumzika zamani. Ndivyo tulivyo sisi, msiba tunaufunga kwa kitambaa cha adabu, halafu tunashangaa mtu asipotuamini tunaposema kweli.

"Nipeleke," alisema Saoudat.

Daktari alikataa katakata. Kwenye mashua ndogo angetapika, na anayetapika huku meno yamefungwa hukabwa na matapishi yake akafa. Asubiri waya zitoke. Saoudat alilia bila kuweza kufungua kinywa, na kulia namna hiyo ni mateso ambayo simwombei mtu. Alingoja kwa sababu alitaka mama amwone hai.

Waya zilipokatwa, taya lilikuwa gumu kama mlango uliovimba kwa mvua. Alilizoeza kidogo kidogo kwa vidole, na Elarif alipopata mashua, akapanda. Alitapika njia nzima.

Mutsamudu alipita vichochoro vya mji wa kale mbiombio mpaka mlangoni kwao. Viatu vya wanawake vilijaa kizingitini. Kamilia, jirani wa siku zote, alimwona akakaa chini ghafla.

"Saoudat?" alisema. "Sisi tulikulilia wewe."

"Mama yuko wapi?"

Kamilia alimshika mkono kwanza, akaupapasa kama anayehakikisha.

"Tumemzika juzi, mwanangu. Tangu kaseti ile hakugusa dawa. Tulimsihi, akatwambia tusimcheleweshe, mwanawe anamsubiri. Alikufa na furaha. Alisema anakwenda kukuona."

Wanawake walimsogezea nafasi mkekani. Mmoja alimpa juzuu, na Saoudat akaanza kumsomea mama yake, kwa sauti yake mwenyewe.