Siku Kiti cha Yuliana Kilipopuliziwa Dawa

Yuliana hakusoma. Jina lake analiandika kwa taabu, lakini sketi ya marinda anaikunja kwa jicho tu, na marinda yote yakalala kama yaliyopigwa pasi. Kushona alifundishwa na masista huko kusini. Mumewe, mchonga vinyago, alimleta Dar, akampangia chumba Keko, kisha akapata mwanamke mwenye duka la vipodozi, akahamia kwake na patasi zake zote. Hata mtoto wao Kasiani alipougua surua, baba mtu hakutia mguu. Tangu hapo Yuliana akawagawa binadamu mafungu mawili: wanaokimbia mapema na wanaochelewa kukimbia.

Kwenye kiwanda cha sare za shule cha bosi Ansbert, kule Mikocheni, alidhani amekaa na fungu la pili. Kumbe na wao walikuwa wanasubiri sababu tu.

Sababu ilikuwa kikohozi. Yuliana aliugua TB, akanywa dawa mpaka akamaliza, na nesi wa kliniki akamwambia aende kazini bila wasiwasi.

"Humwambukizi mtu tena, mama," nesi alisema. "Na ugonjwa wenyewe haukai kwenye kiti wala kijiko. Hayo ni maneno ya vibarazani."

Lakini kiwandani maneno ya vibarazani ndiyo yalikuwa na cheo. Gladness, supavaiza, binti aliyesomea utawala na aliyeongea na watu wazima kama anagawa sukari msibani, alimpokea mlangoni. Akamwonyesha kistuli kwenye ujia, kando ya bomba la maji.

"Mama Kasiani, kwa sasa utakaa hapa ukate nyuzi. Cherehani yako inabidi ipuliziwe dawa kitaalamu. Ikishapuliziwa, unarudi. Ni utaratibu tu."

"Na wewe umeshapuliziwa?"

Gladness akacheka kama nesi anayemvumilia mgonjwa msumbufu. Yuliana akakaa. Kukata nyuzi ni kazi ya wanaojifunza, na kila mtu humo ndani alilijua hilo. Alichokuwa anangoja ni kimoja tu, arudi kwenye cherehani yake. Akaapa moyoni kwamba siku hiyo ikifika hatamshukuru mtu.

Mpuliziaji alikuja kutoka Temeke, kijana aitwaye Edgar, amebeba mabomba mawili. Moja lilikuwa lile la kubeba mgongoni, la kusukuma kwa mkono. Jingine lilikuwa jeupe, la betri, limekaa kama bastola. Mafundi wakaacha kushona. Wanaume wazima walisimama juu ya viti kuangalia bomba.

"Shikamoo, mama," Edgar akamwamkia Yuliana pale ujiani. Alikuwa mtu wa kwanza siku hiyo kumsogelea karibu kiasi hicho.

"Marahaba. Wamekuita kuja kunifukiza?"

Edgar akaangalia chini.

Gladness akataka kujua lipi ndilo linalotumika kwenye maofisi makubwa. Edgar akaeleza vizuri, hilo Yuliana halikatai. La mgongoni linalowesha upande unaomwelekea mpuliziaji, na linachuruzisha maji. Hili la betri linatoa matone madogo kama ukungu, na kila tone linatoka na chaji kidogo ya umeme, kwa hiyo linavutwa na kitu kilicho karibu, linajizungusha mpaka nyuma ya miguu ya kiti na chini ya meza.

"Ila hili ni la sehemu kubwa, sista," akaongeza. "Maofisi, madarasa, magari. Kwa cherehani moja na kiti kimoja, kitambaa chenye dawa kinatosha kabisa."

"Kitambaa tunacho. Wewe tumekuita ulete mashine."

Basi likachaguliwa bomba la betri, kwa sababu linang'aa na linapendeza kwenye simu. Edgar akataja masharti yake. Vumbi la nguo na mafuta ya mashine yafutwe kwanza, maana dawa ikitua juu ya uchafu inaishia kwenye uchafu. Feni zizimwe. Watu watoke. Vitambaa na nguo zilizokamilika zitolewe. Dawa iachwe ikauke yenyewe.

"Feni zikizimwa watu watazimia," Gladness akasema. "Na hizo sketi usiziguse, zimeshapangwa, zitakunjamana." Sketi zenyewe, za bluu iliyoiva, zilijaa rafu nzima nyuma ya cherehani ya Yuliana, zikingoja kuchukuliwa kabla shule hazijafunguliwa. Watu nao hawakutoka. Nani atoke akose kuona?

Edgar akavaa barakoa na miwani, akapuliza kidogo upande wa meza. Gladness akanusa, akakunja uso.

"Mbona hainuki?"

"Hii dawa haina harufu kali, sista."

"Sasa watu watajuaje kama imefanya kazi?" Akaenda chooni, akarudi na chupa ya klorini, ile ya kung'arishia mashuka. "Changanya na hii."

"Hapana. Dawa mbili hazichanganywi, zinaweza kutoa hewa ya sumu. Na hii itaharibu nguo, itakula hata bomba langu."

"Basi mwaga yako, weka hii."

Akampigia simu bosi Ansbert, akaweka sauti ya nje. Bosi, ambaye hakujua hata kinachoongelewa, akasema kijana afanye anavyotaka supavaiza. Na Edgar, kijana mwenye akili zote zile, akamwaga dawa yake, akasuuza bomba, akatia ya chooni. Yuliana alimdharau kuliko alivyomdharau Gladness. Gladness hakujua. Huyu alijua, na uti wa mgongo hakuwa nao.

Akapuliza. Cherehani, meza, kiti, kimto alichokishona Yuliana mwenyewe, hata bakuli lake la chakula alilokuwa ameliacha chini ya meza. Feni zikauchukua ukungu zikautembeza ukumbi mzima. Harufu ikawafika watazamaji, simu zikiwa bado juu, wakaanza kukohoa. Fundi mmoja akainama, mwingine akatokwa machozi. Gladness alikohoa mpaka wigi likakaa upande.

Yuliana akasimama kwenye mlango wa ujia, mkasi mkononi.

"Poleni jamani. Na nyie atawapulizia nani?"

Walipomaliza kujifuta, Gladness akafuta na kiti, akaita, "Recho, njoo ukae hapa. Sasa ni pasafi."

Yuliana alidhani hakusikia vizuri. "Si ulisema inapuliziwa ili nirudi?"

"Wewe endelea kupumzika huko, Mama Kasiani. Ni kwa ajili ya afya yako."

Recho, aliyekula ugali kwenye bakuli la Yuliana miaka nenda rudi, akaketi. Akashughulika na uzi kama ndiyo kwanza anauona.

Asubuhi iliyofuata sketi zikatolewa rafuni zifungwe. Zilikuwa na mabaka ya rangi ya kutu, makubwa kwa madogo, mbele na nyuma, hadi kwenye mikunjo. Yale matone kweli yalijua kuzunguka. Edgar hakusema uongo.

Bosi Ansbert akaja mwenyewe, shati limelowa. Alifoka, kisha akaenda kutazama sketi mpya aliyoanza Recho. Marinda yalikuwa yamepishana kama meno ya mzee. Akatembea mpaka ujiani.

"Mama Kasiani, naomba urudi kwenye mashine. Shule zinafunguliwa Jumatatu."

"Mashine ni ya Recho."

"Nani amesema?"

"Nenda ukawaulize. Halafu uwaambie wewe, mie nikisikia. Humu ujiani sitaki kuambiwa kitu."

Bosi akaangalia huku na huku, kama kuna mlango mwingine. Haukuwepo. Akarudi ukumbini, akasema mbele ya wote kwamba cherehani ile ni ya Yuliana na Yuliana hana ugonjwa. Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja jina la mke mdogo mbele ya mke mkubwa, lakini alisema. Recho akainuka kabla hajaambiwa.

Yuliana akaketi. Hakusalimia, hakushukuru. Gladness akaleta vipande vya sketi, akaviweka ukingoni mwa meza, akarudi nyuma.

"Hapo sifiki," Yuliana akasema. "Nipe mkononi."

Gladness akavichukua, akanyoosha mkono. Yuliana hakufanya haraka kupokea. Alivishika pamoja na vidole vya yule binti, akavihesabu vipande polepole hapo hapo vikiwa mikononi mwao wote wawili, kisha akaviachia vidole.

Gladness akaenda moja kwa moja bombani kunawa. Yuliana alimwona. Akainamisha kichwa, akakunja rinda la kwanza, akakanyaga pedeli.