Jina la Mtoto Liko Ndani ya Kompyuta

Huko Kathonzweni kuna mtoto wa kike wa miezi minne ambaye hana jina, na kosa ni langu. Kadi yake ya kliniki imeandikwa "Mtoto wa Mwende", na ukipita kwao utasikia akiitwa Kana, yaani mtoto tu, kama vile wengine wote duniani si watoto.

Mimi ndiye katibu wa ukoo wetu. Nilichaguliwa kwa sababu naandika kila kitu, na sikatai, hata mbwa aliyebweka kwenye mkutano wa mwaka juzi yumo kwenye kumbukumbu. Kwa miaka miwili nilizunguka nikiwauliza wazee nani alimzaa nani, nikajaza madaftari matatu. Aliyenisaidia kuliko wote ni nyanya yangu, au susu kama tunavyosema kwetu, Susu Mbeke, ambaye peke yake ndiye aliyewajua akina mama wa zamani kwa majina. Kabla ya kufariki aliomba jambo moja, kwamba msichana wa kwanza atakayezaliwa baada yake apewe jina la mama aliyemzaa yeye Susu. Hakuna aliyemuuliza ni jina gani. Waulize ya nini, na katibu ameandika?

Basi katibu, kwa hekima yake, alipomaliza kuingiza kazi yote kwenye kompyuta alimpa mke wake madaftari awashie jiko.

"Na hiyo kompyuta ikilala?" mke wangu akauliza.

"Hiyo si mtu," nikamjibu.

Asubuhi ya mkutano wa ukoo nilikuwa na haraka ya kutoka Kitui, kompyuta ikaniandikia kwamba inajisasisha na nisiizime (nilisoma vizuri, mimi husoma kila kitu), nikashikilia swichi mpaka ikanyamaza, nikaitia mkobani, nikaondoka nikijiona mtu anayeheshimu saa.

Nilikuwa nimeazima projekta, maana kusoma majina kwa mdomo ni mambo ya kale, nikaielekeza kwenye ukuta wa ukumbi wa kanisa, nikatoa hotuba fupi kuhusu maendeleo, nikabonyeza. Ikaja nembo, vikaja vidoti vikizunguka, ukuta ukawa mweusi, halafu ikaanza tena: nembo, vidoti, giza. Ukoo mzima ulitazama sinema hiyo mara sita. Mzee mmoja nyuma aliuliza kama hivyo vidoti ndio mababu zetu. Nikachomoa chaja, nikachomeka, nikaondoa kipanya, nikapuliza vumbi, shemeji akaleta leso tuifunike ipumzike (sijui kwa nini nilikubali, lakini nilikubali), na tulipoifunua ikatoa ukurasa wa buluu wenye mashauri kadhaa, moja likiahidi kuirudisha kompyuta ilivyokuwa siku ya kununuliwa.

Baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti, akasema, "Bonyeza hiyo, katibu. Hata sisi Mungu hutuanzisha upya kila Jumapili."

Watu wakacheka, na nawaambia ukweli, kidole changu kilikuwa njiani. Ndipo Shangazi Mwikali, binti wa Susu na nyanya wa yule mtoto, akasimama akiwa amembeba Kana mgongoni.

"Ikirudi kuwa mpya, jina la susu yangu litakuwa ndani?"

Nikasema sijui. Akauliza kama basi hata kichwani sina, mimi niliyelisikia na kuliandika. Nikasema nadhani linaanza na M.

"Hapa nani haanzi na M?" akasema, akaketi.

Nikaizima. Nilitozwa faini ya jogoo kwa kupoteza wakati wa mkutano, kwa kufuata sheria niliyoitunga mwenyewe.

Jumatatu niliipeleka kwa fundi mmoja Kitui mjini, mama mtulivu ambaye hata swichi hakuigusa. Alifungua skrubu, akatoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake, akaanza kunakili. Alisema kwanza unatoa vya watu salama, halafu ndipo unatibu mashine, kwa sababu mashine huuzwa dukani. Akaniuliza nakala nyingine niliiweka wapi.

"Jikoni," nikasema.

Kila faili ilipona. Tulifungua orodha pamoja, na ukoo wote ulikuwamo, kizazi baada ya kizazi, mistari imenyooka mpaka fundi akanisifu. Nikashuka taratibu hadi kwa Susu Mbeke. Mbele ya "mama yake mzazi", mtu wa mpangilio, yaani mimi, alikuwa ameandika: tazama daftari namba tatu.

Nimeapa kwamba sitachoma karatasi tena maishani. Siku hizi natunza hata ile ya kufungia mandazi, na mke wangu anawasha jiko kwa majani makavu bila kusema neno, jambo ambalo ni baya zaidi. Shangazi hunipigia simu kila Jumapili baada ya ibada kuuliza kama kompyuta imeamka, nami humwambia fundi bado anaangalia. Jumapili iliyopita aliniomba namba ya fundi.