Laptopu Kuukuu katika Chumba cha Watu

Siku yangu ya kwanza kazini nilichapa wasifu wa marehemu. Alikuwa kijana wa Mwatate, kwetu, na nilimjua kwa sura kwa sababu alikuwa akiuza viatu vya mitumba sokoni. Bi Zuhura, mwenye ofisi, aliniwekea karatasi za familia mezani akasema, "Andika kama walivyoandika. Usitie huruma zako." Niliandika kwamba aliugua kwa muda mfupi. Siku hizo karibu kila kijana tuliyemchapa aliugua kwa muda mfupi, na hakuna aliyeuliza ni ugonjwa gani.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee waliostaafu. Mimi sijafika miaka ishirini. Lakini nyinyi wa Kidato cha Tatu mnaniuliza kila tukitoka kanisani ile kazi ya kompyuta ilikuwaje, na mimi mbele ya watu ulimi unaniganda. Karatasi hainiangalii, kwa hiyo nawajibu hapa. Kazi yenyewe imekwisha, na nikiifikiria najihisi nimestaafu kweli.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja Voi, kwenye njia ya kwenda stesheni. Tulikuwa na meza, viti, printa ya utepe iliyolia kama cherehani mbovu, na laptopu. Tulichapa mitihani ya shule, barua za watu kwa chifu, na zaidi ya yote programu za mazishi, zile karatasi za ratiba na wasifu wa marehemu. Kwetu milimani watu huzika Jumamosi, hivyo Ijumaa ndiyo iliyotulisha. Bi Zuhura ni Mwislamu, watu wake walitoka pwani, na kwao maiti hailali. Alikuwa akiniambia, "Nyinyi mwamweka mtu baridini wiki mbili, kisha programu mwaitaka leo kabla ya adhuhuri." Hakusema kwa ubaya. Alisema huku akinyoosha karatasi.

Mkubwa wetu wa kweli hakuwa yeye. Chumba kilikuwa cha Bwana Salim, kaka wa marehemu mumewe. Mume alipofariki, Bwana Salim alimwachia mjane chumba aendeshe ofisi, lakini jicho lake halikutoka pale. Alitaka kuweka duka la misumari na mabati. Siku laptopu ya kwanza ilipoungua, baada ya stima kupotea na kurudi kwa nguvu, alisimama mlangoni akaitazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyekufa njaa.

"Zuhura, nakupa nafasi ya mwisho," alisema. "Tafuta mashine nyingine. Lakini hiyo nayo ikisimama, chumba nakichukua. Siwezi kuwa na mlango Voi hii unaofunguliwa ili watu wakae."

"Haitasimama, shemeji," Bi Zuhura akajibu.

Basi mjue hivyo. Tulipokwenda Mombasa kununua laptopu tulikuwa tunanunua chumba. Na pesa tuliyokuwa nayo ilitosha kuukuu tu.

Fundi wetu kule alikuwa Mkamba mmoja aitwaye Mutua, ana mdomo usiochoka. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchagua. Kwanza fungua kifuniko na ukifunge polepole, usikilize bawaba; ikilia, waya za kioo zitakatika karibuni. Bonyeza kila herufi, hata zile usizozitumia. Iwashe, na kioo kikiwa bado cheusi utafute mistari. Chomoa chaja mashine ikiwa inafanya kazi, uone kama betri inashika au inazima papo hapo. Mwisho nusa pale hewa ya moto inapotokea. Nilipoona aibu kunusa mbele ya wateja, Mutua akasema, "Nusa, msichana. Mumeo hutamnusa?" Wakacheka. Nilinusa.

Tulibaki na mbili. Moja iling'aa lakini betri ilikufa mara tu chaja ilipochomolewa. Ya pili ilikuwa imechubuka kila pembe, kioo kizuri, betri inashika, ila diski ya ndani, ile inayohifadhi kila kitu, ilikuwa imekufa.

"Hii imepoteza akili, moyo ni mzima," Mutua alisema. "Nitawapa disketi ya kuiamsha. Asubuhi mnaitia, inaamka, mnaitoa, mnatia disketi ya kazi. Bila ile ya kuamsha ni sinia tu."

"Sura yake mbaya," mimi nikasema, kwa sauti ndogo.

"Simtafutii mwanangu mke," Bi Zuhura akasema. "Stima ya Voi naijua. Nipe yenye betri."

Nasema hadi leo alichagua vizuri.

Kuitunza ilikuwa kazi kuliko kuchapa. Vumbi la Voi ni jekundu na linaingia hata ndani ya yai. Kila asubuhi nilinyunyiza maji sakafuni kabla ya mtu yeyote kufungua kifuniko. Nilikuwa na brashi ya rangi, mpya, laini, ya kufagia katikati ya herufi. Kifuniko kilifunguliwa kwa mikono miwili, katikati, kamwe si kwa pembe moja. Taa ikipepesa tu, chaja inachomolewa kwanza, maswali baadaye. Chai ilinywewa nje, hata mvua inyeshe. Jioni Bi Zuhura aliifunga ndani ya leso na kwenda nayo nyumbani chini ya buibui, mwizi asijue anabeba nini. Disketi zote, ya kuamsha na nakala yake na zile za kazi, zilikaa katika kisanduku cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, mbali na jua.

Ikakaa hivyo mwaka na zaidi. Bwana Salim alipita mara kwa mara, akaisikia printa ikilia, akaondoka.

Kisha Alhamisi moja akaja mteja wetu wa Kishushe, mtu wa kutafuta madini. Alikuwa akiandikiwa barua za kuomba leseni, na kila barua ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia. Aliingia na gunia begani akalitua mezani, juu ya kisanduku cha disketi.

"Kaka, tafadhali usiweke hapo," nikamwambia.

"Ni mawe tu, sista. Mawe hayaumi." Lakini alilisukuma kando, likawa limeegemea kisanduku. Mashine ilikuwa imeshaamka tangu asubuhi. Nilichapa barua yake, tukaitoa kwenye printa, akaketi kuisoma mpaka akatosheka, akaenda.

Ijumaa asubuhi laptopu haikuamka. Nilitia disketi, ikakwaruza, ikakwaruza, kioo kikabaki cheusi na mstari mmoja wa Kiingereza unaosema haioni kitu. Nikatia nakala. Vilevile. Bi Zuhura alinitoa kitini akajaribu mwenyewe, akisoma bismillah kila mara.

Yule wa Kishushe alirudi kabla ya saa nne. Alikuwa amekumbuka kosa katika barua yake. Nilimweleza hali. Akatia mkono guniani, akatoa sumaku ya spika kubwa iliyofungwa kamba. Wenzake wote wanaotafuta chuma kule hutembea nayo. Wanaishusha kwenye jiwe, likishikwa, wanachimba.

"Ilikuwa humu jana," akasema. "Hii inaweza?"

Sumaku hufuta kilichoandikwa kwenye disketi, hata ikiwa nje ya kisanduku. Yeye mwenyewe aliitazama ile sumaku kama amekuta nyoka mfukoni. Bi Zuhura akamwambia, "Nenda, baba. Hukukusudia."

Mwalimu mmoja wa Wundanyi alikuwa ameketi benchini, anasubiri programu ya baba yake. Mazishi kesho. Tulikuwa tumemaliza kuichapa jana, imebaki kuitoa, nayo ilikuwa katika zile disketi. Bahati karatasi zake za mkono tulikuwa nazo. Nikachukua kalamu nyeusi na rula, nikaanza kuandika kwa mkono herufi zilizosimama, mistari sawasawa, ili akatoe kopi duka la pili. Mwalimu alisogea akanisomea majina ya wajukuu mmoja mmoja. Hakulalamika hata kidogo. Alipofika kwa mjukuu aliyekufa kabla ya babu, alilisoma jina mara mbili.

Hapo ndipo kivuli kilipoingia mlangoni. Bwana Salim.

"Mashine iko wapi, Zuhura?"

"Ipo."

"Naona kalamu."

"Disketi zimeharibika, shemeji. Mashine yenyewe ni nzima. Kesho niko Mombasa, Jumatatu utaisikia."

"Mimi sikusema disketi. Nilisema ikisimama."

"Haijafa."

"Imesimama," alisema. Kisha akamgeukia mwalimu, akampa pole ya msiba kwa adabu zote, na akangoja nje mpaka nikamaliza.

Bi Zuhura alikwenda Mombasa Jumamosi na laptopu ndani ya leso. Jumatatu alishuka kwenye gari nami nikiwa nimeshafika mlangoni, na nilikuwa nimeshaliona kufuli lisilo letu. Lilikuwa jipya, bado lina mafuta. Alilitazama, akaligusa, akajifuta mafuta kwenye leso. Hakwenda kupiga hodi kwa shemeji yake.

Aliketi kwenye kizingiti, akafungua kifuniko kwa mikono miwili, akatia disketi mpya ya Mutua. Mashine ikaamka mara moja. Sijawahi kuiona ikiamka haraka vile.

Wakati huohuo alifika mzee wa Kasigau, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ndovu walikuwa wamemaliza shamba lake na alitaka barua kwa ofisi ya wanyamapori. Nilimtazama Bi Zuhura. "Mwandikie," akasema. Nikaipakata laptopu, nikaandika kwa betri, mzee amechuchumaa ananieleza ndovu walivyoingia, walivyoanza na upande wa mtama, mkewe alivyopiga sufuria mpaka likatoboka. Ikatoka barua nzuri. Nadhani ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kuchapa.

"Sasa nipe," mzee akasema.

"Printa iko ndani, babu," nikamwambia.

Alilitazama kufuli, akatutazama sisi. "Na ufunguo?"

Bi Zuhura aliinuka akajikung'uta buibui. "Ufunguo hatuna, mzee wangu. Nenda pale mbele, kwa yule kijana mwenye kompyuta kubwa. Mweleze kama ulivyomweleza huyu. Usisahau mtama."

Mimi nimerudi Mwatate, namsaidia mama shambani, na mkutubi wa shule huniita siku za mitihani nimchapie. Bi Zuhura anakaa kwa dada yake Malindi. Ameniandikia kwamba laptopu anaiwasha kila Ijumaa isishike unyevu, ingawa hana la kuchapa. Kwa hiyo mkitaka kununua kuukuu, njooni niwaonyeshe bawaba, betri, na pa kunusa. Hayo nayajua na sitawaficha. Nakala ya disketi iwekeni nyumba nyingine. Lakini jueni kwamba ile mashine tuliitunza mpaka ikaishi, na inaishi hadi leo. Siku hizi pale mlangoni petu Voi pameegemezwa mabati ya Bwana Salim, na watu wa milimani hununua misumari ya majeneza humo.